Pistoni za Bonde la Ufa

Ukitoka Gilgil kuelekea Nakuru, karibu na Ziwa Elmenteita, utapita machimbo ya Kariandusi. Udongo wake mweupe ni mabaki ya mwani mdogo sana ulioishi katika ziwa la kale, na vigamba vya mwani huo ni silika. Wageni huenda pale kutazama mashoka ya mawe aliyoyagundua Louis Leakey miaka ya 1920. Sisi mafundi wa injini tunaujua udongo huo kwa njia nyingine. Ukipenya kwenye kichujio cha hewa, unasaga ringi na kuta za silinda kama msasa. Gari linaanza kula oili, moshi wa bluu unatoka nyuma, na mwenyewe analipandisha gereji.

Ndiyo maana nikiulizwa kwa nini magari fulani yalitamba huku na mengine, mazuri zaidi kwa sura na kwa mbio, yakafia chini ya turubai, jibu langu huanzia kwenye silinda.

Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, na mwaka uliofuata Vic Preston akashinda kwa Volkswagen. Injini ya gari hilo lenye umbo la kobe hupozwa kwa hewa, na silinda zake nne zimesimama kila moja peke yake. Ikiisha, unaing'oa, unavisha nyingine pamoja na pistoni yake, basi. Porsche 911 ilirithi mpango huohuo. Lakini gari lililoteka Bonde la Ufa hasa lilikuwa Peugeot. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda Safari kwa 404 mwaka 1963, wakarudia mwaka 1968, na mara zote mbili ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Katikati yake, miaka ya 1966 na 1967, Bert Shankland kutoka Tanzania aliwashinda wote kwa 404 vilevile. Ove Andersson akaja na 504 mwaka 1975.

Watu husifu springi na chesisi za magari hayo, na wana haki. Mimi nasifu laina. Ndani ya bloku ya Peugeot, silinda ni mrija wa chuma unaochomoka, na maji ya kupozea yanauzunguka moja kwa moja. Laina nne na pistoni zake nne zilikuja ndani ya sanduku moja, zimekwisha kuoanishwa kiwandani: milimita 84 kwa 504 ya kwanza ya sisi 1,796, milimita 88 kwa ile ya sisi 1,971. Hukuhitaji mashine ya kuchonga. Zile 504 za abiria zilizokuwa zikienda Nairobi, Kisumu na Eldoret zilifufuliwa hivyo, nyingine chini ya mti.

Kazi hiyo nilifundishwa na fundi mmoja Kalasinga tuliyemwita Sardar, katika gereji nyuma ya Kenyatta Avenue. Alikuwa akisafisha makalio ya laina ndani ya bloku kwa kitambaa mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kisha alichagua gasketi za chini, kwani ziliuzwa kwa unene tofauti, akajaribu moja moja mpaka laina isimame juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo ya milimita. Ikizama, gasketi ya hedi haibani; ikizidi, hedi inapinda. Alipomaliza alizikaza laina kwa boliti na washa. "Kijana," aliniambia, "hapo usizungushe kranki kabla hujabana." Ukizungusha, laina zinainuka, gasketi za chini zinahama, na kesho maji yako ndani ya oili.

Kati ya ushindi wa 404 na wa 504 zikaja Datsun. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari kwa 240Z. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta kwa gari la aina hiyohiyo, mwaka mmoja tu baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda, nchi alikozaliwa Mehta. Lile ndilo gari la mbio ambalo vijana wa rika langu tulilipenda kuliko yote: pua ndefu, silinda sita, sisi 2,393. Bloku yake, hata hivyo, ni ya chuma cha kusubu, kipande kimoja. Silinda yenye upana wa milimita 83 ikilika, huna cha kuchomoa. Lazima uchonge, uvishe pistoni ya hamsini, yaani nusu milimita zaidi, na safari inayofuata pistoni ya mia. Baada ya hapo ukuta unakaribia mwisho wake.

Nakuru ilikuwa na mashine za kuchonga kwa sababu ya mashamba. Matrekta ya Njoro na Molo yalitaka injini zirudi kazini kabla ya mvua, na mafundi waliozoea bloku za trekta ndio waliozichonga zile za Datsun.

Kosa ninaloliona mpaka leo ni mtu kuchonga kwanza, kisha aende kutafuta pistoni. Pistoni hupimwa kwenye sketi, upande usio na pini, na silinda huchongwa kwa kipimo hicho. Nafasi kati ya pistoni na silinda kwenye 240Z ni kama sehemu tatu kati ya mia za milimita. Pistoni ya kufuliwa hutanuka kuliko ya kusubu, hivyo hudai nafasi kubwa zaidi. Fundi atachongaje kitu ambacho hakijafika mezani?

Kisha angalia kichwa cha pistoni. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Pistoni ya kichwa bapa, inayobana zaidi, itafanya kazi hapa bila kulalamika. Iteremshe Mombasa siku ya joto, injini inaanza kugonga, na pistoni inaweza kutoboka. Anayetaka gari la kwenda pande zote achague yenye kibonde, akubali kupungukiwa nguvu kidogo mlimani Timboroa.

Kwa hiyo, ndugu uliye na 240Z banda la nyuma, pima silinda juu, katikati na chini, nunua saizi ndogo kuliko zote itakayosafisha ukuta, ndipo upeleke bloku na pistoni kwa mchongaji siku moja. Na wewe wa Peugeot, ukikuta sanduku la laina za 504 kwenye duka la spea, lichukue usisubiri. Mombasa waliacha kuyaunganisha magari hayo mwaka 2004.