Mwinuko Uliosingiziwa

Wanaoandika historia ya Buha huanza na watawala wa Heru na Muhambwe, wakaja kwa Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, kisha Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliyowahamishia watu katika vijiji vya kando ya barabara, na mwisho wakimbizi. Pikipiki haimo. Hata hivyo, kijiji kikishahamishwa ilibidi serikali ikifikie, na katika Kasulu na Kibondo aghalabu ilikifikia juu ya magurudumu mawili: bwana shamba, mratibu wa elimu, mganga aliyefunga kisanduku cha chanjo kwa ukanda wa mpira nyuma ya kiti.

Pikipiki hizo, za Yamaha na Suzuki hasa, nyingi zilikuwa za mipigo miwili, zile ambazo mafundi wetu waliziita tu-stroki. Sifa yao ilikuwa wepesi. Hazina vali, pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu ya silinda, na chumba cha krenki ndicho kinachosukuma mchanganyiko kwenda juu. Mpango huo alioupata Joseph Day huko Bath, Uingereza, na kuusajili mwaka 1891, ulikuwa na gharama yake: chumba cha krenki kikishageuzwa pampu hakiwezi tena kuwa birika la oili. Kwa hiyo oili husafiri pamoja na petroli. Mwaka 1964 Yamaha walileta pampu ya kuipima oili kufuatana na mkono wa mafuta, lakini pampu nyingi nilizoziona vijijini zilikuwa zimekwisha kung’olewa, na oili ikachanganywa tangini kwa kipimo cha kopo la maziwa. Katika injini ya namna hii petroli haichomwi tu. Inapoza, na inabeba oili. Anayeipunguza anapunguza vitu vitatu kwa mkono mmoja.

Sasa tuje kwenye kabureta. Kabureta ni bomba lenye kiuno chembamba. Hewa ikipita kwa kasi pale kiunoni inavuta petroli kupitia tundu dogo la shaba liitwalo jeti. Ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi, lakini jeti haina habari, inaendelea kutoa petroli karibu ileile. Mchanganyiko unakuwa mzito, injini inakohoa, plagi inalowa. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema, na ni kweli. Kutokana na ukweli huo ilizaliwa imani katika gereji za Kasulu na Kibondo kwamba kila ugonjwa wa pikipiki ni ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake ni kubana jeti.

Tufanye hesabu. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kasulu iko karibu mita 1,300, na Kibondo karibu mita 1,500. Kwa kila mita 100 unazopanda, hewa hupungua kwa takribani asilimia moja. Basi kati ya Kigoma mjini na Kibondo tofauti haifiki sehemu moja kwa kumi. Tena Kibondo ni baridi na Kigoma ni joto, na hewa ya baridi ni nzito kuliko ya moto, kwa hiyo sehemu ya ile hasara inarudishwa na baridi yenyewe. Kinachobaki ni jeti ndogo kwa namba moja, pengine mbili, au kushusha sindano ya kabureta kwa ngazi moja. Si zaidi. Sielewi ni vipi tofauti ndogo namna hiyo iliweza kubebeshwa lawama kubwa kiasi kile, isipokuwa kwa sababu mlima unaonekana na kila mtu, ilhali sili ya krenki iliyopasuka haionekani.

Na kulikuwa na sababu ya pili: uhaba. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei za mafuta mwaka 1979, petroli ilikuwa kitu cha kibali. Ilifika Kigoma kwa reli, ikapanda Kasulu kwa mapipa, na pipa lililokaa nje wakati wa masika hukusanya maji na kutu. Katika hali hiyo, fundi aliyeingiza uzi wa waya katika jeti ili tundu liwe dogo alionekana mtaalamu. Pikipiki ilikwenda mbali zaidi kwa lita moja, moshi ulipungua, na mwenyewe alifurahi. Lakini injini yenye petroli nyingi mno hukusumbua tu. Yenye petroli chache mno hukuua.

Nakumbuka kisa kimoja cha miaka ya 1980, upande wa Kibondo. Mganga wa chanjo aliondoka alfajiri na chanjo ya surua katika kisanduku cha barafu. Pikipiki ilikuwa imetoka gereji juma lile, imebanwa jeti “kwa ajili ya mwinuko”. Alipanda vizuri. Kwenye mteremko mrefu alifunga mafuta akaiacha ishuke kwa gia, kama wengi walivyofanya ili kuokoa petroli. Fikiri, msomaji, kinachotokea: magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi, mkono wa mafuta umefungwa, petroli haiji, na oili iliyochanganywa humo haiji pia. Karibu na bonde pistoni ilishika silinda, gurudumu la nyuma likagoma, na mganga akajikuta mtaroni. Hakuumia sana. Barafu iliyeyuka kabla hajapata wa kumsaidia, na chanjo ya surua ikishapata joto haifai tena. Akina mama walikaa chini ya mwembe hadi alasiri, wakarudi makwao na watoto wao.

Pikipiki ile ilipelekwa kwa fundi mmoja mzee wa Kasulu. Vijana wake walikwisha kutoa hukumu: “Mzee, ni mlima huu.” Yeye akafungua ekzosi, akachungulia pistoni kupitia tundu lake, akawaonyesha mikwaruzo mirefu. Kisha akapaka maji ya sabuni kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda, akamwambia mmoja asukume stata kwa mguu polepole. Povu lilinyonywa ndani kwenye ufa mwembamba kama unywele. “Mlima haupasui mpira, wanangu,” akasema. Hewa ya wizi ilikuwa inaingia pale, na jeti iliyobanwa ikaongeza ukame juu ya ukame.

Utaratibu wa mzee yule ulistahili kuandikwa. Jeti aliigusa mwisho. Alianza na chujio cha hewa, kwa kuwa vumbi jekundu la kiangazi huliziba, na chujio lililoziba hutoa dalili zilezile za mwinuko: moshi mweusi, plagi iliyolowa, nguvu kupotea. Halafu alimwaga kikombe cha kabureta katika bakuli jeupe ili aone maji. Aliuliza kama oili ya gia inapungua, maana sili ya krenki ya upande wa gia ikifa, injini hunywa oili hiyo na kutoa moshi mweupe. Kisha alipanda pikipiki. Ikisumbua kwenye sailensa hadi robo ya mafuta, alitazama jeti ndogo na skrubu ya hewa. Ikisumbua katikati, sindano. Ikisumbua mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, jeti kubwa. Pale inapokohoa alivuta choki kidogo: ikipata nguvu, ina kiu, ikizidi kukohoa, imeshiba.

Ekzosi nayo ilikuwa na siri yake. Ile tumbo nene ya bomba la tu-stroki haikuwekwa kwa urembo. Inarudisha wimbi la mgandamizo ili mchanganyiko mpya usitoroke. Ujuzi huo ulikomazwa na Walter Kaaden katika kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, na mwaka 1961 dereva wake Ernst Degner alitorokea Magharibi, akaenda nao Suzuki. Mwaka uliofuata Suzuki walitwaa ubingwa wa dunia wa cc 50. Na bado nimewaona vijana wakikata bomba hilo kwa msumeno ili pikipiki ilie kwa sauti, kisha wakalaumu jeti.

Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, Warundi waliingia kwa maelfu katika wilaya zetu. Na mwaka 1996 Nyarugusu ikafunguliwa kwa Wakongo. Mashirika yalikuja na pikipiki mpya. Zikawa nyingi kuliko tulivyowahi kuona, na petroli ya chupa kando ya barabara ikawa biashara. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli, basi yakatiwa humo. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo hugonga kama nyundo na pistoni hutoboka juu. Hakuna jeti inayoponya hilo. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuukomesha mchezo huo. Tena petroli ya risasi ilipoondolewa, kufikia mwaka 2006, rangi ya plagi nayo ilibadilika, na fundi aliyezoea kusoma rangi ya kahawia akaanza kuongeza na kupunguza jeti bila sababu.

Kisha zikaja pikipiki za Kichina na za Kihindi za mipigo minne, na bodaboda nazo. Oili yao inakaa chini, mahali pake. Ukizibana jeti zitakosa nguvu na kupata moto, lakini hazishiki upesi. Tu-stroki zimebaki katika misumeno ya kukatia magogo huku juu, na katika injini za mitumbwi kule ziwani, ambako hakuna mlima wa kulaumu. Huko, nimesikia, injini ikikohoa wanalaumu upepo.