Jina la Vita na Kikombe cha Mpira: Habari za Majimaji ya Songea

Siku moja tulikuwa tukisomesha habari za vita vya mwaka 1905, mwanafunzi mmoja akasimama akatuuliza, "Mwalimu, katika vita vya Majimaji wazee wetu walishindwa. Mbona basi timu ya mji wetu imepewa jina la kushindwa?" Wenziwe wakacheka. Lakini swali hilo halikuwa la kuchekwa, nasi hatukuweza kulijibu papo hapo. Tulimwambia akae kitako, tukaendelea na somo, na tangu siku ile tumekuwa tukilifikiri. Mazungumzo ya leo ni majibu yetu kwake, na kwa kila mtu aliyepata kujiuliza vivyo hivyo.

Kwanza yapasa kukumbuka vita vyenyewe. Vilianza mwezi wa Julai mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa mipamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima kwa amri ya serikali ya Wadachi. Kabla ya hapo, mganga mmoja wa Ngarambe, jina lake Kinjikitile Ngwale, alikuwa amegawa maji ya dawa, akisema kwamba risasi za Wadachi zingegeuka kuwa maji. Yeye mwenyewe alinyongwa mapema mwezi wa Agosti, lakini habari ya maji ilikwisha kumtangulia. Ilivuka mito na misitu, ikafika Ungoni, na katika mwezi wa Septemba misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, ikateketezwa kwa moto.

Maji hayakuzuia risasi. Wangoni waliojua vita vya mikuki walikutana na bombomu, wakaanguka. Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga mashujaa zaidi ya 60 hapa Songea, nao wakazikwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu wachukua jina lake, naye alinyongwa mwaka huo. Watu wa ukoo wake wasema kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ulaya. Na Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea tarehe 1 Novemba 1923 na miaka 100 kupita juu yake, yaani 2023, aliomba msamaha mbele ya wajukuu wa waliouawa, akaahidi kusaidia kukitafuta. Baada ya kunyonga ikaja njaa, kwa kuwa askari walichoma vyakula ghalani na mashambani. Hesabu ya Wadachi wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa katika nchi yote ya vita, mwanahistoria G.C.K. Gwassa alikisia watu 250,000 hadi 300,000.

Hayo ndiyo yaliyomo ndani ya jina hilo. Mtu akiyatazama kwa haraka atamwunga mkono mwanafunzi wetu.

Basi na tugeukie mpira. Mchezo huu uliandikiwa sheria zake London mwaka 1863, ukaja kwetu pamoja na misheni, shule, na askari. Pwani ilitangulia kuunda vyama vya mpira. Yanga ya Dar es Salaam yahesabu miaka yake tangu 1935, na Simba tangu 1936. Lakini Simba haikuitwa Simba kwa muda mrefu. Iliitwa Sunderland, jina la mji wa Uingereza wenye timu yake, mpaka mwaka 1971 ilipoliacha. Hatusemi haya kwa kuwadharau wenzetu wa pwani, maana siku zile kila kitu kizuri kilidhaniwa kuwa na jina la ng'ambo. Twasema tu kwamba watu wa Songea walipounda timu yao baada ya uhuru hawakwenda kutafuta jina Ulaya. Walilichukua kaburini kwao. Na kwa lakabu wakaiita Wanalizombe, kwa ajili ya lizombe, ngoma ya Wangoni, hata timu hii ikawa imebeba kilio na ngoma pamoja.

Ligi ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1965. Tangu mwaka huo mpaka 1981 kikombe kilitoka Dar es Salaam mara moja tu, mwaka 1975, kilipochukuliwa na Mseto ya Morogoro. Miaka mingine yote kilizunguka katika mitaa ya mji ule ule, kama ndoo ya maji katika nyumba moja. Kisha mwaka 1982 ikaanza Ligi ya Muungano, ambayo timu bora za Bara zilikutana na timu bora za Zanzibar, na mshindi wake akahesabiwa bingwa wa nchi nzima. Mwaka wa kwanza walishinda Pan African, wa pili Yanga, wa tatu KMKM ya Zanzibar.

Mwaka wa nne, yaani 1985, ikashinda Majimaji.

Watu wengi walidhani ni bahati ya mwaka mmoja. Hata ulipofika mwaka 1986, Majimaji ikashinda tena. Na mwaka huo huo Ligi ya Bara ilichukuliwa na Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Mbeya. Kwa hiyo mwaka 1986 vikombe vyote viwili vilikuwa kusini, katika nchi ya mahindi na baridi, wala si pwani. Vijana wa leo wakiambiwa jambo hili hudhani twawatania. Mara ya tatu Majimaji ilichukua kikombe cha Muungano mwaka 1998.

Ili kupima uzito wa ushindi huo hapana budi kuijua njia. Kutoka Songea mpaka Dar es Salaam kwa kupitia Njombe na Iringa ni kilometa zipatazo 950. Barabara ya lami kutoka Makambako mpaka Songea ilijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Kabla yake, wakati wa masika, msafiri aliaga nyumbani bila kujua siku ya kufika. Timu ya Dar es Salaam huweza kucheza mechi nyingi ikilala nyumbani kwake. Timu ya Songea kila itokapo yapanda milima, yalala njiani, na kushuka garini ikiwa na miguu iliyokufa ganzi.

Na safari ni fedha. Majimaji iliteremka kutoka Ligi Kuu mwaka 2011, ikarudi mwaka 2015, kisha ikateremka tena mwaka 2018. Na tuutazame msimu huo wa mwisho, wa 2017 na 2018. Zilikuwako timu 16, na kila timu ilikuwa na mechi 30, yaani 15 za ugenini. Majimaji ilitakiwa kwenda Bukoba kwa Kagera Sugar, Mwanza kwa Mbao, Shinyanga kwa Mwadui na Stand United, Mtwara kwa Ndanda. Sasa tazama ni nani alikuwa akizilisha timu hizo 16. Kagera Sugar na Mtibwa Sugar zilikuwa na viwanda vya sukari nyuma yao. Azam ilikuwa ya kampuni ya Bakhresa. Prisons ilikuwa ya Magereza, na Ruvu Shooting ya jeshi. Simba na Yanga zilikuwa na wapenzi katika kila wilaya, mpaka hapa hapa Songea, na twaona aibu kidogo kusema kwamba Simba au Yanga ikija kucheza hapa, wako wenyeji waliovaa nguo za mgeni. Majimaji ilikuwa na wakulima wa mahindi na wachuuzi wa sokoni. Msimu ulipokwisha timu mbili ziliteremka, Majimaji na Njombe Mji, jirani wawili wa barabara moja.

Yasidhaniwe kuwa shida hii ni ya Afrika tu. Huko Uskoti, kaskazini ya Uingereza, uko mji mdogo uitwao Brechin, wenye watu wapatao 7,000. Timu yake, Brechin City, iliundwa mwaka 1906, mwaka ule ule waliponyongwa mashujaa wetu. Uwanja wao, Glebe Park, upande mmoja hauna ukuta bali una ua wa miti iliyokatwa vizuri. Katika msimu ule ule wa 2017 na 2018 Brechin City ilicheza mechi 36 za ligi bila kushinda hata moja, ikateremka. Haikuishia hapo: mwaka 2021 iliangukia nje kabisa ya ligi kuu za nchi yake, ikaingia katika ligi ya milimani. Watu wa Brechin hawakuiacha. Hawakubadili jina, wala hawakung'oa miti yao.

Liko jambo moja zaidi, nasi twalisema kwa upole. Katika mpira wa nchi yetu wamo watu waaminio dawa. Tumeona kwa macho yetu timu ikiruka ukuta ili isipite mlangoni, na mtu akifukia kitu golini usiku. Watu wa aina hiyo wakisikia jina la Majimaji hudhani limetolewa kwa ajili ya nguvu ya yale maji. Sivyo. Maji yale yalijaribiwa mwaka 1905, na majibu yake yako kaburini pale makumbusho. Yaliyobaki ni mengine: kwamba Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na Wabena, ambao jana walikuwa wakipigana wao kwa wao, waliitikia neno moja bila barabara, bila simu, na bila gazeti. Neno hilo ndilo waliloandika kifuani mwa wachezaji.

Tulimjibu hivyo mwanafunzi wetu, wiki mbili baada ya swali lake. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: "Na mwaka 1985, mwalimu, gari lilichukua siku ngapi kurudi na kikombe?" Tukamtuma kwa babu yake.