Karne Moja ya Katheta, na Somo kwa Hospitali za Bukoba na Muleba

Mwaka 1929, huko Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijichanja mkono, akapitisha mpira mwembamba, yaani katheta, kwenye vena yake hadi moyoni, kisha akaenda kupigwa eksirei ya kuthibitisha. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards.

Wengine wakaendeleza. Mwaka 1952 Mfaransa Robert Aubaniac alieleza namna ya kuifikia vena kubwa iliyo chini ya mtulinga. Mwaka uliofuata, Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alionyesha kwamba sindano ikishaingia hupitishwa waya, sindano ikatolewa, na katheta ikaufuata waya. Kwa njia hiyo leo wagonjwa mahututi hupewa dawa kali, na wenye figo zilizoshindwa husafishwa damu.

Lakini shingoni vena na ateri zimelala bega kwa bega. Ateri ikichomwa kwa sindano nyembamba, sindano hutolewa na mahali pale hukandamizwa. Katheta nene ikishaingia katika ateri, mambo hubadilika: tundu ni pana, na moyo unasukuma damu kwa nguvu. Ikichomolewa ovyo, damu yaweza kuvia shingoni ikabana njia ya hewa, au donge likapanda ubongoni na kuleta kiharusi. Nyuma ya mtulinga, vidole haviwezi hata kulikandamiza tundu.

Mwaka 2002 Uingereza ilipendekeza ultrasaundi itumike wakati wa kuweka katheta hizi, ili mchomaji auone mshipa. Mwaka 2008 madaktari wa Montreal, Kanada, walichambua matukio ya ateri kuumizwa na wakapendekeza utaratibu: katheta nene iachwe ilipo, mgonjwa apigwe picha, aitwe mpasuaji wa mishipa. Yeye huitoa akiwa analiona tundu na kulishona, au huliziba kutokea ndani ya mshipa.

Sasa tuje mkoani Kagera, Tanzania. Muleba ina hospitali za Ndolage, Rubya na Kagondo; mjini Bukoba ipo hospitali ya rufaa ya mkoa. Mojawapo ya hospitali za rufaa ya juu zaidi ni Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa 1971. Kwa mgonjwa wa Kaagya, wilayani Bukoba, kwenda huko ni kulizunguka Ziwa Victoria kwa barabara au kulivuka kwa meli.

Umbali huo usimshawishi mtu kuichomoa katheta iliyoingia ateri. Ikibaki mahali pake, imeliziba tundu yenyewe. Ifungwe imara, isipitishiwe dawa, na safari ianze mara moja, kwa sababu damu huweza kuganda juu yake.

Waganga wakuu wa Bukoba na Muleba, wekeni ultrasaundi karibu na vitanda vya mahututi, na namba ya mpasuaji wa mishipa ijulikane kwa kila zamu. Nanyi jamaa wa wagonjwa, mkiambiwa katheta imeingia ateri na inasubiri mpasuaji, msidai ing'olewe. Kusubiri huko ni sehemu ya tiba.