Kutoka Karani hadi Mwandishi Mwendesha Ofisi: Majina ya Vyeo na Mabadiliko ya Zana za Kazi Tanzania

Makala haya yanafuatilia majina ya watumishi wa ofisini nchini Tanzania tangu utawala wa Wajerumani hadi leo. Hoja yake ni kwamba jina linalotaja chombo huzeeka pamoja na chombo hicho, ilhali jina linalotaja dhamana huweza kuvuka mabadiliko ya zana.

Neno la kwanza kati ya yanayojadiliwa hapa ni karani, lililoingia pwani kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Wajerumani walilikuta na kulitumia: shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa katika miaka ya 1890, iliandaa makarani wa utawala. Karani alitambulika kwa kujua kuandika na kuhesabu, wala jina lake halikutaja kalamu. Ndiyo maana tunaye hata leo karani wa sensa mwenye kishikwambi mkononi.

Taipureta ilileta mpiga chapa. Mwishoni mwa karne ya 19, Kiingereza kilitumia neno moja kwa mashine hiyo na kwa mtu aliyeitumia. Kiswahili hakikuruhusu mkanganyiko huo, kwa kuwa kiambishi m- cha ngeli ya kwanza kilimweka mtumishi upande wa watu. Hata hivyo, jina lilimfunga kwenye mashine. Mashine ilipoondoka mezani, jina nalo likafifia.

Baada ya agizo la Januari 1967 la kutumia Kiswahili katika shughuli za serikali, na kuundwa kwa BAKITA mwaka huohuo, haja ya istilahi za vyeo iliongezeka. Katibu muhtasi na katibu mahsusi ni majina yenye asili ya Kiarabu yanayobeba dhana ya umahususi, yaani katibu wa mtu au ofisi maalumu. Wapo wanaolihusisha muhtasi na muhtasari, pengine kwa sababu ya hatimkato, lakini mizizi ya maneno hayo mawili ni tofauti.

Katika miaka ya 2020, matangazo ya ajira serikalini yameanza kutumia Mwandishi Mwendesha Ofisi. Kimofolojia, jina hili linaunganisha njia mbili za unominishaji: mwandishi, lenye kiishio -i kilichogeuza k ya andika kuwa sh, kama pika na mpishi, na mwendesha, lenye -a kwa kuwa linafuatwa na yambwa. Kisemantiki, mwandishi ni tafsiri ya katibu, ambalo kwa Kiarabu humaanisha anayeandika. Upya wa jina umo katika mwendesha: mtumishi anatajwa kuwa na mamlaka juu ya kazi ya ofisi nzima.

Je, masharti yamelifuata jina? Mhitimu wa uhazili anayeishi Kata ya Lyamkena na kuomba nafasi katika Halmashauri ya Mji wa Makambako hukutana na sharti la hatimkato ya maneno 100 kwa dakika, pamoja na ujuzi wa kompyuta. Jina linamwita mwendeshaji. Mtihani bado unapima kasi ya mkono wake. Istilahi haikamiliki kwa kusanifiwa tu. Muundo wa utumishi, mafunzo na mshahara ndivyo huamua kama cheo kimebadilika au kimevishwa joho jipya.