Sindano Bila Mazungumzo

Hapa Daraja Mbili, ndugu wa mgonjwa wa skizofrenia huulizwa jambo moja: amechomwa sindano ya mwezi huu? Ni swali la haki, kwani dawa hutuliza sauti anazozisikia. Mimi natafuta katika historia sababu ya kutomwuliza sauti hizo zinamwambia nini.

Lutindi, katika milima ya Usambara, ilijengwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa makao ya wagonjwa wa akili. Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Ukoloni ulitanguliza kuwatenga wagonjwa kuliko kuwatibu. Baada ya Azimio la Arusha vikaja vijiji vya wagonjwa wa akili, ambako walilima na kuishi karibu na jamii. Naviheshimu vijiji hivyo, ila jembe halisikilizi.

Tayari mwaka 1952 daktari Mmarekani, Aaron Beck, alikuwa amechapisha taarifa ya mgonjwa wa skizofrenia aliyepata nafuu kwa mazungumzo. Hakubishana na dhana za mgonjwa. Alizichunguza pamoja naye. Mwaka huohuo klopromazini ilianza kutumika Ufaransa, nayo ndiyo iliyotufikia. Sishangai: dawa husafirishwa kwa meli, ilhali msikilizaji sharti afundishwe na alipwe mshahara.

Mwongozo wa tiba wa Uingereza leo unapendekeza dawa na mazungumzo kwa pamoja. Sisi tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Nawauliza wanaoandaa ikama za halmashauri: nafasi ya mnasihi iko mstari wa ngapi?