Kila yuniti na bei yake

Leo sina stori za bwenini. Jana nilikuwa dirishani kwa mhasibu. Muhula huu nimeongeza kozi mbili ili nimalize na wenzangu, kumbe kila yuniti ina bei yake: ukibeba nyingi, unalipa nyingi. Mkopo wangu haugusi hiyo nyongeza. Mama anauza ndizi soko la Tengeru, nimeshindwa hata kumpigia.

Badala ya kulia nikaingia maktaba. Nasomea ualimu wa historia bwana, lazima niulize ilianzia wapi.

Hesabu hii ya yuniti ilishika kasi Marekani tangu 1906. Mfuko wa Andrew Carnegie ulitaka masomo ya sekondari yapimwe kwa saa, ndipo vyuo vipate pensheni ya maprofesa wao. Yaani pensheni ya wazee ndiyo inaninyima usingizi mimi!

Kwetu deni la msomi lilipimwa kivingine. Miaka ya mwanzo ya uhuru serikali ilibeba ada za chuo kikuu pale Dar, lakini msidhani ilikuwa bure. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda kuwaletea wenzake kingine. Mwaka 1966 deni likaitwa: JKT miaka miwili, miezi 18 kati yake kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba 22 wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu. Mwalimu akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Wengi walipokelewa tena baadaye. Miezi mitatu tu ikapita, TANU ikakutana hapa hapa Arusha, likazaliwa Azimio.

Kila nikipita Mnara wa Azimio nilikuwa nawaona wale vijana wabinafsi. Jana, pale dirishani, nimewaelewa kidogo. Ila wao waliambiwa walipe wakishapata kazi. Mimi nalipa kwanza, ndiyo niingie darasani.

Mambo yaligeuka 1992, ilipoanza sera ya kuchangia gharama. Walianza na vidogo vidogo, nauli na usajili, baadaye chakula na malazi. Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya 2004, ikaanza kazi 2005. Mwaka 2016 makato ya mkopo yakapanda toka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Kwa hiyo nami asilimia yangu inanisubiri mbele, kama wale wa 1966, na hizi yuniti ziko juu yake.

Kesho asubuhi nafuta kozi moja. Ile ya Mbinu za Kufundishia siiachi, nitatafuta hela popote. Mama nitampigia jioni. Ni Jumatano, siku ya soko, huenda ndizi zimetoka.