Kompyuta ya zamani haiwaki? Usikubali kupigiwa Windows kabla ya kujua haya

Unabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inavuma, halafu skrini inabaki nyeusi tii. Kwa mkazi wa Kwakoa, wilayani Mwanga, hapo safari imeiva. Mashine inafungwa kwenye boksi na kupakiwa kwenye gari hadi Mwanga mjini, Same au Moshi. Huko jibu la fundi mara nyingi ni moja tu: tupige Windows mpya.

Shida ni kwamba kupiga Windows mara nyingi kunafuta vilivyomo. Kwa mwenye steshenari ni barua na fomu za wateja, kwa kikundi cha VICOBA ni hesabu za wanachama. Na skrini ikiwa nyeusi kabisa, bila hata nembo ya kampuni kutokea, mashine bado haijaifikia Windows. Tatizo liko kwenye umeme au kwenye vifaa, na mafaili yako huenda yapo salama kabisa.

Anza na vumbi

Kwakoa iko tambarare, mashariki mwa milima ya Upare Kaskazini, kwenye ukanda mkavu wa kuelekea Ziwa Jipe. Vumbi linaingia kila mahali, na ndani ya kompyuta ya mezani linaganda kwenye feni na kwenye nafasi za RAM.

Chomoa waya wa umeme (laptopu yenye betri ya kuchomoka, itoe), kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe. Wakati mwingine hilo peke yake linatosha. Kama bado, fungua kasha, gusa kwanza sehemu ya chuma isiyopakwa rangi, maana hewa kavu inajaza mwili umeme tuli unaoweza kuua RAM bila wewe kuhisi chochote. Piga vumbi kwa brashi laini au pampu ya baiskeli huku umeizuia feni isizunguke. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji.

Sasa chomoa RAM. Sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, futa mabaki, irudishe mpaka ilie "ta!". Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Mashine nyingi za zamani zilizobaki na skrini nyeusi huku zikipiga mlio wa "piii" huponea hapa hapa, bila kununua kitu.

Betri ndogo kama sarafu

Kompyuta ikiwaka lakini kila siku inarudi mwaka wa nyuma na kukudai ubonyeze F1, betri ya bodi kuu imekwisha. Nyingi hutumia CR2032 ya volti 3, ambayo hata mafundi saa wanayo. Usiidharau: tarehe ikiwa ya uongo, tovuti nyingi zinagoma kufunguka.

Ikiwa haiwaki hata taa, jaribu soketi na waya mwingine. Kompyuta za mezani za mtumba nyingi zina swichi ndogo nyuma, yenye 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230, hivyo ukichomeka ikiwa kwenye 115, pawa saplai inaungua papo hapo. Boksi la pawa saplai lenyewe usilifungue, kapasita zake hubaki na umeme wa hatari hata waya ukiwa umechomolewa. Hiyo badilisha nzima.

Nembo ikitokea halafu ikakwama

Hapa ndipo Windows au hadi diski huingia kwenye orodha ya washukiwa. Ukisikia diski inagonga "tak, tak", zima. Kila ukiiwasha tena unazidi kuimaliza.

Kama haigongi, mwambie fundi aokoe mafaili kwanza. Anaweza kuitoa diski na kuiunga kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB, au kuwasha mashine kwa flashi yenye Linux Mint, ambayo inaendeshwa bila kugusa Windows iliyomo. Nakili kila kitu, fungua mafaili mawili matatu uhakikishe yanasomeka, ndipo Windows ipigwe.

Ipi sasa? Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa rasmi kompyuta nyingi za zamani. Mashine yenye RAM ya GB 4 inaimudu Linux Mint, na ukiifungia SSD badala ya diski ya kuzunguka utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Na bodi kuu ikifa kabisa, usimwachie fundi mashine nzima kama chuma chakavu. Chomoa hadi diski, itie kwenye kasha la USB, urudi nayo nyumbani.